Mluzi Kwenye Santuri ya Rolf

Almuth Wessels alikuwa mtu wa kuuliza. Umetoka wapi, ulikuwa na nani, mbona umechelewa, mbona leo umewahi, na hicho kinachokuchekesha ni kitu gani. Pale Gröpelingen, mtaa wa mafundi wa meli upande wa bandari ya Bremen, watu walimwita Bi Polisi. Jina alilijua, na wala halikumuudhi. Anayeogopa polisi, alikuwa akisema, ana lake jambo.

Msije mkadhani alizaliwa hivyo. Baba yake alikwenda vitani yeye akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na vita vilipokwisha hakurudi. Mama yake akangoja. Kila Jumapili alimwekea sahani mezani, majirani wakamhurumia, kasisi akamtaja kwenye maombi. Mpaka siku moja mtu wa mtaani akaenda mji wa Braunschweig kwa shughuli zake, akamkuta huyo marehemu ni mzima wa afya, anauza viatu, ana mke mwingine na watoto wawili. Kilichomchoma Almuth si baba. Ni mama, ambaye alipopewa habari ile alisema, "Ahaa," akaendelea kumenya viazi. Hakuuliza hata neno moja! Almuth alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na pale pale jikoni akajiapiza: mimi nitauliza.

Akaolewa na Harm, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mpole, mrefu, mwenye masikio makubwa. Akamuuliza, na Harm akajibu. Miaka ikapita, binti yao akakua akaolewa Münster, kiwanda cha meli kikafungwa, Harm akastaafu, na bado Almuth anauliza na Harm anajibu. Akirudi na gazeti alieleza alisimama na nani kibandani na walizungumza nini. Almuth aliamini kwamba katika mtaa mzima hakuna mke anayemjua mumewe kama yeye. Wengine wamelala usingizi, alisema. Mimi niko macho.

Sasa hapo ndipo alipoingia Rolf Hattendorf, na yeye tayari ni maiti.

Rolf alikuwa mtoto wa mtaa huo huo. Alianza kwa kupiga kodiani kwenye harusi za watu, akaishia Hamburg na bendi kubwa yenye suti nyeupe na tarumbeta kibao. Wasomi walimtukana, wakasema huo ni muziki wa kwenye lifti. Lakini nyumba gani ilikosa santuri zake? Kila mwaka alitoa moja ya karamu, nyimbo zimeunganishwa, huu haujakwisha mwingine umeingia, na juu yake watu wanaimba, wanapiga makofi, bilauri zinagongana. Ungeweza kukaa na shemeji zako wanne kwenye chumba cha chini ya nyumba, na taa za rangi na nusu balungi iliyochomekwa vijiti vya jibini, ukaona kama umealika mtaa mzima. Siku hizi zimejazana maboksini kwenye masoko ya mitumba, na vijana wanapita wanazicheka picha za majalada. Gröpelingen hawazicheki.

Kwa hiyo Rolf alipofariki, Bwana Tietjen, mwalimu mstaafu aliyeongoza chama cha historia ya mtaa, akaitisha kahawa ya alasiri kwenye ukumbi wa kanisa. Ilikuwa Novemba, mvua isiyokatika, na wazee walijaa mpaka viti vikaazimwa. Keki ya siagi ilikuwa tele. Almuth alikuja na Harm, wakakaa meza ya katikati.

"Wapendwa," alisema Tietjen, ameinua santuri kama kasisi, "mnadhani leo tutamsikiliza Rolf. Hapana. Leo tutajisikiliza sisi wenyewe. Mnakumbuka lile basi?"

Wazee wakapiga kelele kwamba wanalikumbuka. Almuth naye alilikumbuka, kwa kusikia. Rolf alikuwa ameagiza basi lije kuchukua watu wa mtaa wake liwapeleke studio Hamburg. Bendi ilikuwa imekwisha kurekodi. Wao waliwekwa chumbani, wakapewa bia na mikate ya nyama, wakafunguliwa muziki kwenye spika, wakaambiwa: haya, fanyeni karamu. Kelele zao zikabandikwa juu ya muziki. Almuth hakwenda. Aliona ni mambo ya walevi, na Harm, kama alivyomwambia, alikuwa na zamu ya ziada kazini.

Tietjen akaweka sindano. Spika za kanisa zilikuwa kubwa, na kila kitu kilichozama chini ya tarumbeta kwenye gramafoni za nyumbani kikatoka wazi.

"Huyo mimi!" akaruka bibi mmoja. "Huyo anayekohoa ni mimi!"

"Na huyo anayeimba vibaya ni marehemu kaka yangu, Mungu amrehemu, sauti ya mbuzi!"

Walicheka mpaka wakafuta machozi. Almuth naye alicheka kidogo, kwa adabu. Kisha, upande wa pili wa santuri, nyimbo mbili zilipokuwa zinapokezana, ukaja mluzi. Mluzi wa vidole viwili, mrefu, unapanda unapanda, unavunjika juu na kushuka kwa madaha. Ukafuatwa na kicheko cha mwanamume, kicheko cha kutoka tumboni kabisa, cha mtu asiye na deni na yeyote. Na sauti ya mwanamke ikaita, imejaa furaha, "Harm! Tena, Harm! Tena!"

Ukumbi mzima ukageuka. "Haaarm!" wakapiga kelele, wakagonga meza. "Mzee wa mluzi! Hee, Harm, tupigie mmoja!"

Harm alikuwa anatazama keki yake.

Almuth aliufahamu mluzi ule. Aliufahamu vizuri sana, maana santuri ile walikuwa nayo nyumbani, na kila mkesha wa mwaka mpya waliipiga, akacheza nayo na shemeji zake, na mluzi ukifika alikuwa akisema, "Yupo mmoja huko amelewa." Na Harm alikuwepo chumbani miaka yote hiyo. Alikuwa kwenye kiti chake anamenya chungwa, kimya.

Waliondoka Tietjen hajamaliza kuzungumza, wakarudi kwa miguu chini ya mwavuli mmoja.

"Ulikwenda," alisema Almuth.

"Nilikwenda."

"Ukaniambia una zamu."

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

"Na huyo mwanamke?"

"Mwanamke gani?"

"Usijitie hamnazo, Harm. Huyo wa tena-Harm-tena!"

"Watu walikuwa wengi, Almuth." Na hilo, nawaambia, ni jibu baya kuliko yote ambayo mwanamume anaweza kuyatoa.

Usiku ule hakupata usingizi. Alikuwa amekumbuka jambo. Siku ile ya zamu ya ziada, mwaka wa sabini na moja, alikuwa ametoka kwenda kwenye kibanda cha simu akapiga getini kule kiwandani, kuhakikisha tu. Bawabu alimjibu kwa adabu zote: "Yuko ndani ya tangi, mama, anachomelea, hawezi kuja kwenye simu." Ndani ya tangi! Kumbe bawabu naye alikuwa kwenye njama. Na wale wote ukumbini, walioita Haaarm kwa mdomo mmoja, walijua. Alikutana nao dukani, kanisani, kwa daktari wa meno, miaka zaidi ya thelathini, wakamwuliza hali ya mguu wake, na wote walijua. Alijilaza akitazama dari, na moyo ulimwuma kwa hasira na kwa aibu, zaidi kwa aibu.

Siku zilizofuata akaanza kazi. Harm akitoka kwenda kunyoosha miguu, Almuth aliziteremsha santuri za Rolf kutoka juu ya kabati, akavaa spika za masikioni alizosahau binti yake, akasikiliza moja baada ya nyingine, ameinama, macho ameyafumba. Ya sabini na moja, mluzi upo. Ya sabini na tatu akaupata upande wa kwanza. Loo! Ya sabini na sita pia, na kicheko kile kile, na yule mwanamke. Mara moja, eti! Mtu anasema alikwenda mara moja, na sauti yake iko kila mahali.

Halafu akafika ile ya sabini na tisa. Nyuma ya jalada kulikuwa kumeandikwa kwamba imerekodiwa Januari. Almuth alivua spika akaziweka mezani taratibu.

Januari ile kaskazini yote ya nchi ilifunikwa na theluji, barabara zikafungwa, jeshi likaingia kuokoa watu. Mama yake alikuwa mahututi. Harm alikuwa amekwenda Oldenburg kumchukua dada wa mgonjwa, akakwama njiani siku mbili, na aliporudi mama alikuwa amekwisha kata roho, na Almuth alikuwa peke yake naye. Alimsamehe, maana theluji ni theluji. Na sasa mluzi upo. Mama anakufa, yeye yuko Hamburg anapiga mluzi!

Alivaa koti bila kufunga vifungo, akashuka mpaka kwa Gesine Lührs.

Gesine alikuwa mjane mwenye kibanda cha magazeti na sigara pembeni ya kituo cha tramu, mwanamke mnene, mdomo haukai, na Almuth alikuwa amemshuku tangu siku aliyofiwa na mume. Sauti ile ilimkaa masikioni, na kila alipoifikiria aliona uso wa Gesine.

"Ni wewe," alisema Almuth, bila hata salamu.

"Na wewe za asubuhi, shoga."

"Sauti kwenye santuri. Tena, Harm, tena. Ni wewe."

Gesine akaweka chini bunda la magazeti. "Ni mimi. Kwa hiyo?"

"Unasema kwa hiyo! Unamwita mume wa mtu kwa jina, mnachekeana, halafu unaniuzia gazeti miaka thelathini na uso mkavu?"

"Ulitaka nimwite Bwana Wessels, na bia mkononi? Sote tulimwita, Almuth. Mume wangu alikuwa amekaa hapa hapa ubavuni kwangu, naye anamwita. Basi zima lilikuwa linamwita. Tulikuwa hatujui kama Harm ana sauti! Yule mtu alipanda basi hana neno, akakaa nyuma na kofia yake magotini. Tulipofika, bia ya kwanza hivi, akatia vidole mdomoni. Mama we! Rolf mwenyewe alitoka kule kwenye mitambo kuja kumwona ni nani."

"Na mwaka wa sabini na tatu? Na sita? Na Januari ya theluji, mama yangu yuko kitandani? Mlimfikisha vipi Hamburg, kwa helikopta?"

Gesine alimkodolea macho. Kisha, polepole, uso ukamlegea, na jambo la ajabu ni kwamba hakucheka.

"Wewe hukumsikiliza Tietjen mpaka mwisho," alisema. "Uliondoka. Basi lilikwenda mara moja tu. Rolf alitosheka na kelele zile, akaitunza kanda yake. Kila mwaka anarekodi muziki mpya, anatubandika sisi sisi juu yake. Tulicheka siku moja, shoga, na yule mjanja akauza kicheko chetu miaka kumi. Hata pensheni hakutupa."

Almuth alishika ukingo wa kibanda. Tramu ilipita, watu wakashuka, mmoja akanunua sigara. Gesine alimhudumia, akarudi.

"Mbona hamkuniambia?" Almuth aliuliza. "Hata mmoja wenu?"

"Alituomba. Kwenye basi wakati wa kurudi. Alisimama pale mbele kwa dereva, amerudia kuwa yule yule wa asubuhi, akasema, jamani, msimwambie mke wangu. Tukadhani anatania. Halafu tukamwona uso." Gesine akayapanga magazeti yaliyokwisha pangwa. "Kwa nini hakukuambia, kamuulize yeye. Siyo mimi niliyeolewa naye."

Alimkuta Harm jikoni, anachambua majani ya kabichi la majira ya baridi, la kupikwa na soseji. Almuth hakuvua koti.

"Ni kweli ulikwenda mara moja," alisema. "Nimeuliza."

"Umeuliza," alisema Harm. "Bila shaka."

"Na hakukuwa na mwanamke."

"Hakukuwa."

"Basi ulinificha nini? Wanaume wanaficha wanawake, wanaficha pesa, wanaficha pombe. Wewe ulificha kitu gani, Harm? Mluzi?"

Harm aliendelea kuchambua. Vidole vyake vilikuwa na makovu madogo madogo ya cheche.

"Ingekuwa mwanamke ningekwambia zamani," alisema. "Ungelia, ungevunja sahani, ungenifukuza au ungenisamehe. Lakini hili ningekwambia vipi? Kwamba nilikwenda kucheka?"

"Hapa nani amekukataza kucheka?"

"Nikicheka unauliza kuna nini. Nikinyamaza unauliza nina nini. Nikirudi mapema kuna jambo, nikichelewa kuna jambo. Nikajifunza kutengeneza uso usio na kitu ndani, ili usione pa kuanzia. Nimeuvaa mpaka sijui kuuvua. Siku ile niliketi kwenye chumba kile, watu hamsini, na hakuna hata mmoja aliyetaka kujua nacheka nini."

"Ungenichukua!" Almuth alipaza sauti. "Mimi mkeo, ungenichukua na mimi nikacheke!"

"Ungekaa ubavuni kwangu," alisema Harm, "ukatazama ninamchekea nani."

Ndivyo Almuth angefanya, na wote wawili walijua. Akatafuta hoja nyingine ya kusimamia.

"Wewe hujui," alisema. "Hujui mama yangu aliishi vipi. Hakuuliza! Aliweka sahani kama mwendawazimu kwa sababu hakuuliza. Nani angenilinda mimi?"

"Najua. Umenisimulia tangu tulipochumbiana." Sasa Harm aliacha majani. Hakupandisha sauti, hakuwahi kuipandisha. "Lakini yule alikuwa baba yako, Almuth. Sikuwa mimi. Mimi nilirudi nyumbani kila siku ya Mungu. Nimetumikia kifungo cha baba yako, na yeye kule Braunschweig anauza viatu."

Maji kwenye sufuria yalianza kuchemka. Almuth akapunguza moto, kwa sababu kulikuwa na moto wa kupunguza. Alitaka kulia, lakini alihisi kwamba hata kilio chake Harm angekiona ni swali, angeanza kujieleza. Kwa hiyo akavua koti, akalitundika, na wakala bila kusemezana.

Hali ikawa hivyo siku kadhaa. Almuth alikuwa na kazi mpya, ngumu kuliko kazi yoyote aliyowahi kuifanya: kumeza maswali. Yalikuja yenyewe, foleni nzima, yamekaa kwenye ncha ya ulimi. Simu ilikuwa ya nani? Mbona umevaa shati hilo? Aliyameza, mengine akayameza na chai, na jioni alikuwa amechoka hoi, kana kwamba amefua mablanketi.

Halafu ikaja Jumamosi ambayo Tietjen aliwaita tena ukumbini, santuri ziko nyingi na watu wanazitaka. Harm alivaa koti. Akasimama mlangoni.

"Nakwenda kwa Tietjen," alianza, "nitarudi kabla ya giza, Gesine atakuwepo, na yule wa duka la rangi, na labda tutapitia—"

"Sikukuuliza," alisema Almuth.

Lilimtoka kwa ukali, hakuwa amelizoea. Harm alisimama na kofia mkononi. Alimtazama, akatazama viatu vyake, akangoja. Miaka yote hiyo hakuwahi kuvuka mlango ule bila kuhojiwa, na sasa hakujua miguu inaanzaje.

"Basi nakwenda," alisema.

"Nenda."

Alasiri ilikuwa ndefu. Almuth alipiga pasi nguo zisizohitaji pasi. Alijiuliza wanapiga upande gani sasa. Alijiuliza Gesine amekaa kiti gani. Mara mbili alishika koti lake, na mara mbili akalirudisha. Alijihurumia, akamhurumia na yule kijana aliyeketi nyuma ya basi na kofia magotini, ambaye yeye, mkewe, hakupata kumfahamu, na mtaa mzima ulimfahamu. Akaamua kwamba akirudi atamwambia neno jema. Alilitafuta kwa muda mrefu, maneno mema hakuwa nayo mengi, na kila alilolipata lilikuwa na alama ya kuuliza mwishoni.

Harm alirudi giza limekwisha ingia. Mashavu yalikuwa mekundu, koti linanuka bia na moshi wa sigara za watu. Alitundika koti, akasimama mbele ya mkewe, mikono pembeni, kama anavyosimama mtu anayepekuliwa.

"Mlicheka?" Almuth aliuliza. Alilisema kwa upole wote aliokuwa nao. Alitaka kujua hilo tu, na alitaka jibu liwe ndiyo.

Harm alimtazama. Alimtazama kwa muda, machoni, kisha mikononi, akilipima swali lile na kutafuta mtego umewekwa wapi. Almuth aliliona hilo, na alilifahamu, kwa sababu ni yeye aliyemfundisha. Kisha uso wa mumewe ukatulia, ukawa hauna kitu ndani.

"Kidogo," alisema Harm.

Almuth akaenda kumpakulia chakula.